Ukuta Uliopimwa kwa Ngamia

Mji wa Kweupe umeegemea mlima kama mtu aliyechoka kusimama, miguu yake ikigusa uwanda wa chumvi, kichwa chake kikifunikwa na mawingu ya kuazima, na wachukuzi wanaopandisha ngamia kutoka uwandani huapa kwamba kwa mbali wameona watu wengi waliovaa kanzu wakiwasubiri. Si watu, ni nyumba. Nyumba za Kweupe hazina mgongo. Mgongo wao ni mwamba, na vyumba vyao vimechimbwa tumboni mwa mlima na mababu waliokuwa na subira kubwa kuliko nyundo zao. Kila nyumba ina uso mmoja, mlango mmoja, madirisha mawili ya nondo kama macho, na chini ya macho hayo kibaraza cha mawe kilichotokeza kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Na maneno yalisemwa. Vibarazani ndiko watoto walikopewa majina na wachumba walikokataliwa, na huko ndiko wazee walikobishana juu ya vita ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyevipigana.

Mababu hao waliacha sheria chache, za kutosha kukaririwa na mtu huku anamenya kitunguu. Nyumba ni ya mwenyewe, walisema, lakini uso wa nyumba ni wa mji. Kwa hiyo kila mwaka mvua zikikatika huja Siku ya Chokaa, na mji mzima hutoka na ndoo na brashi za katani kupaka nyuso zote, za matajiri na za wakiwa, na chochote kilichopakwa na mkono wa mji siku hiyo huhesabiwa kuwa cha kale: hakitobolewi, hakibomolewi, hakiongezwi hata jiwe, ila kwa idhini ya Kamati ya Nyuso. Mwenye kutaka kujenga ukuta mbele ya uso na ajenge, walisema tena, lakini ukuta usipite bega la mtu aliyeketi, ili salamu iingie na salamu itoke. Kisha wakaweka sheria ambayo wageni huicheka mpaka leo: Kamati hukutana kwenye kibaraza cha nyumba inayojadiliwa, mbele ya wapita njia, na asiyekubaliana hana haja ya wakili wala hotuba. Anaketi tu pale kibarazani. Maadamu pingamizi limeketi, idhini haitoki. Likiinuka, limekwisha.

Na lilikuwepo jambo jingine ambalo halikuwa sheria bali adabu, na kwa sababu hiyo lilikuwa kali kuliko sheria zote: anayekula akaonekana, sharti aseme karibu.

Hilo ndilo lililomkosesha Liwali usingizi.

Liwali wa zama hizo aliitwa Hashibi, jina alilopewa na mama yake kwa kumtazama tu. Alikaa Nyumba ya Matao, uso mkongwe kuliko zote, pale vichochoro vitano vinapomwagikia uwanja mmoja mdogo. Namna alivyoipata tunaijua. Mwaka wa nzige wenye nyumba walishuka uwandani kutafuta chakula, waliporudi walimkuta yeye mlangoni amevaa makubadhi ya marehemu babu yao, akawauliza, “Mnamtaka nani?” Wako wanaosema hayo yamepita. Yamepita wapi? Nyumba si ile pale?

Basi vyumba vya mwambani vinafaa kwa kulala, ila havina hewa ya kulia, na Liwali alikuwa mtu wa kutokwa na jasho mbele ya sinia. Alikula ukumbini, mlango wazi, uso kwa uso na uwanja. Sinia likitua, vichochoro vitano vilitema watu. “Karibu,” alisema Liwali, na kila karibu ilimtoka kama jino. Mpita njia mwenye adabu humega tonge moja, akashukuru, akaenda zake; lakini tonge moja ukilizidisha kwa mji mzima hubaki sinia linalong'aa. Alijaribu kula ameupa uwanja kisogo, watu wakamsalimu kisogo. Alijaribu kula wakati wa maziko, mji ukiwa makaburini, hata ikasifiwa huruma yake, kwa kuwa kila alfajiri alituma mtu kuuliza kama kuna aliyefariki. Lakini Kweupe watu hawafi kila siku, na tumbo la Liwali lilifunguliwa kila siku.

Ndipo mpiga mbiu alipozunguka na ngoma kutangaza kwamba wataalamu wamegundua jambo la kutisha: macho ya wapita njia yanakwangua chokaa. Uso wa kale wa Nyumba ya Matao uko hatarini kwa kutazamwa. Liwali, kwa mapenzi yake kwa historia, anaomba ukuta.

Kamati ya Nyuso ilikuwa na wajumbe watatu. Mwenyekiti aliitwa Bwana Sawasawa. Wawili wengine, wa kulia na wa kushoto, majina yao hayakujulikana kwa sababu hawakuwahi kusema kitu cha kumfanya mtu aulize. Walipofika asubuhi na kamba yao ya kupimia, walimkuta kibarazani Bi Mwanamize, mjane mwenye mikono mirefu na ulimi usio na breki, karai la vitumbua likichemka mbele yake. Hapo ndipo alipokaangia kila siku, na mama yake kabla yake, na bibi yake kabla ya mama, kwa kuwa upepo wa vichochoro vitano hukutana pale na kuchochea makaa bila pepeo.

“Karibuni, wanangu,” alisema. “Sogeeni upande huu, mafuta yanaruka.”

Liwali alitokea mlangoni akijifuta vidole. “Ninachoomba si ukuta,” alianza. “Ni heshima ya nyumba.”

“Heshima yenyewe ina kimo gani?” aliuliza Bi Mwanamize, akigeuza kitumbua.

“Bega la mtu aliyeketi, kama walivyotuachia mababu. Mimi ni mtu wa sheria.” Kisha akapiga makofi, na kutoka kichochoro cha juu akaja mchukuzi wa chumvi akikokota ngamia mrefu mwenye uso wa kudharau. Mjumbe wa kushoto akasukumwa mgongoni mwa mnyama. Ngamia akainuka nyuma, akainuka mbele, na kofia ya mjumbe ikagonga kizingiti cha juu cha dirisha.

“Ameketi, hakuketi?” aliuliza Liwali.

“Ameketi,” alisema mjumbe wa kulia, na hiyo ndiyo mara pekee sauti yake ilipata kusikika.

“Hajaketi huyo,” alisema Bi Mwanamize. “Ameanikwa.”

Uwanja ukaangua kicheko. Liwali hakucheka. “Mababu walisema aliyeketi. Hawakusema ameketi juu ya nini. Pimeni bega!”

“Sawasawa,” alisema Bwana Sawasawa, na kamba ikateremshwa kutoka begani kwa mjumbe mpaka ardhini, na njiani ikapita mambo mengi.

Bi Mwanamize alifuta mikono kwa kanga. “Sawasawa, mwanangu, nimekulisha vitumbua ukiwa huna jino hata moja. Ukuta huo utakizunguka kibaraza na kukimeza. Mimi nitakaangia wapi?”

“Sokoni kumejaa nafasi,” alisema Liwali.

“Sokoni penye mfereji, upepo unazima moto na matone yanaingia ungani! Hapa alikaa bibi, akakaa mama. Haya, na mimi nimekaa.” Akakiweka kitumbua cha mwisho sahanini, akaweka mikono mapajani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Pingamizi lilikuwa limeketi.

Jua lilipanda. Kamati ikatoa jasho, ngamia akalalamika kwa niaba ya wote, na mjumbe wa kushoto akabaki juu, kwa maana kipimo kisichoidhinishwa hakishuki. Watu waliongezeka uwanjani, wengine wakileta mikeka. Liwali akaingia ndani, na walioona mgongo wake wakasema ameshindwa. Hawakuwa wanaujua mgongo ule.

Alitoka na sinia. Mbuzi mzima amelala juu ya wali, mvuke wa karafuu na mdalasini ukipanda hadi pua ya ngamia. Akasimama mlangoni, akakohoa, na kwa sauti ambayo Kweupe haikuwa imeisikia ikimtoka bila ya kulazimishwa, akasema, “Bi Mwanamize! Karibu tule.”

Mtoto wa Kweupe hufundishwa kabla ya kutambaa kwamba kukataa chakula ulichokaribishwa mbele ya watu ni kumpiga mwenzio kofi. Bi Mwanamize alilitazama sinia, akawatazama watu, akamtazama Liwali, na pengine kwa dakika ile aliamini kwamba hata jiwe hulainika. “Ahsante, Liwali. Nashukuru,” alisema, na kama mama yake alivyomlea, akainuka kwenda kunawa.

Maji hayajafika kidole cha pili, Bwana Sawasawa akasema sawasawa.

“Pingamizi limeinuka,” alitangaza. “Idhini imetoka.”

Bi Mwanamize aligeuka na mikono iliyolowa. Sinia lilikuwa limekwisha kurudi ndani.

Ukuta ulijengwa na Fundi Vuai, mwashi mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito, akinung'unika kila jiwe. Ulipanda ukapita vichwa vya watu, ukapita macho ya nyumba, ukakimeza kibaraza na upepo wake, ukabakiza pengo moja tu la kupitia, kwa maana Liwali alikuwa ameagiza ng'ambo ya uwanda wa chumvi lango la mpingo lenye njumu za shaba, kubwa kuliko lango lolote lililopata kufunguliwa, na lango hilo lilikuwa bado njiani. Mawe yaliyosalia Fundi Vuai aliyapanga vizuri chini ya ukuta kwa upande wa nje, kwa sababu mwashi wa kweli hawezi kuacha rundo. Liwali akaweka askari wawili na amri mpya: atakayekutwa juu ya ukuta huu, awe anaingia au anatoka, ni mwizi, na afungwe kamba bila kuulizwa jina.

Bi Mwanamize akahamia sokoni kando ya mfereji. Moto ulizimika mara tano kabla ya kitumbua kimoja kuiva, na wateja wakawa wanakula wakitazamana. “Msinung'unike,” aliwaambia. “Vimekuwa kama Kamati. Upande mmoja vibichi, upande wa pili sawasawa.” Watu walicheka, wakanunua, kesho yake wakapungua. Alikuwa na wajukuu watatu waliolelewa na karai lile, na kila jioni karai lilirudi nyumbani na karibu mafuta yote lililotoka nayo.

Mvua zikakatika. Siku ya Chokaa ikakaribia, na Liwali akaingiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Furaha, kwa maana ukuta ukipakwa na mkono wa mji utakuwa wa kale, na hakuna liwali ajaye atakayethubutu kuubomoa. Wasiwasi, kwa maana siku hiyo mji mzima ungekuwa uwanjani kwake, una njaa ya kazi, na pengo la ukuta lilikuwa linatazamana na ukumbi wake kama jicho lisilopepesa. Karibu ngapi zingepita hapo!

Alimwita Fundi Vuai. “Lizibe hilo pengo. Kwa mawe, kwa chokaa, lisionekane.”

“Lango likija?”

“Likija utatoboa. Nataka siku moja tu ya kula kwa amani.”

Fundi alikuna shingo. “Na wewe utakuwa upande gani, Liwali?”

“Swali gani hilo? Chakula kiko ndani!”

“Haya. Mwenye nyumba ndiye ajuaye mlango wake,” alisema Fundi Vuai, akachanganya udongo.

Liwali akawatoa watumishi wote, mpishi akiwa wa mwisho, akisema waende wakaupake uso wa mji kama raia wema. Ukweli ni kwamba mtumishi naye ana macho. Akabaki yeye, mitungi ya maji, na masinia matatu. Jiwe la mwisho likaingia mahali pake.

Asubuhi ya Chokaa watu walipaka nyuso zote za Kweupe wakiimba, wakirushiana chokaa, mabibi harusi wa mwaka ule wakipakwa pua. Walipofika uwanjani kwa Liwali wakatua ndoo chini. “Huu hatuupaki,” alisema mmoja, na wote wakaitikia. “Aupake mwenyewe kwa ulimi wake!”

Bi Mwanamize alipita mbele. Alitembea kutoka kona hii ya ukuta mpaka ile, akipapasa mawe, na alipofika mahali ambapo pengo lilikuwepo, akasimama. Alimtazama Fundi Vuai. Fundi Vuai alitazama mawingu. Ndipo wakamwona mjane anatikisika mabega, wakadhani analia.

“Tuupake,” alisema alipoweza kusema. “Wallahi, tuupake vizuri. Chokaa nzito, msiache hata ufa wa kupitisha sisimizi. Na haya mawe ya hapa chini msiyasahau, nayo yana haki yake.”

“Bi Mwanamize, umerogwa?”

“Paka kwanza, mwanangu. Utaelewa mkono ukikauka.”

Walielewa mmoja mmoja, brashi mkononi, na kila aliyeelewa aliongeza wimbo sauti. Hakuna ukuta uliopata kupakwa hivyo tangu ulimwengu uumbwe. Liwali, kwa ndani, alizisikia nyimbo, akamega mbuzi kwa mikono miwili, hakumkaribisha mtu, na inaaminika kwamba hiyo ndiyo siku ya raha kuliko zote alizopata kuishi.

Kesho yake lango la mpingo likafika juu ya ngamia wanane, njumu zake zikiwaka kama jua dogo. Fundi Vuai akaja na nyundo. Chini ya ukuta, juu ya yale mawe yaliyopangwa, meupe kama meno, alimkuta Bi Mwanamize na karai lake. Ukuta ulikuwa umekinga upepo mbaya wa mlimani na kuacha ule mwema wa vichochoro; moto uliwaka kwa utulivu, na vitumbua vilikuwa vya dhahabu pande zote mbili.

“Nyundo ya nini hiyo, Fundi?”

“Nimeagizwa kutoboa, bibi.”

“Kutoboa cha kale?”

Fundi Vuai aliitua nyundo kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu aliyekuwa akitafuta pa kuitua tangu jana. “Bila Kamati siwezi,” alisema, akaomba vitumbua vinne.

Kamati ikaitwa, na uwanja ukajaa mpaka juu ya madirisha. Bwana Sawasawa alikitafuta kibaraza cha nyumba. Cha zamani kilikuwa ndani, lakini kipya kilikuwa pale miguuni pake, kimepakwa na mkono wa mji, cha kale kama kingine chochote. Akaketi pembeni ya Bi Mwanamize, akashika kofia.

“Toeni idhini!” ilinguruma sauti nyuma ya ukuta. “Nimekwisha maliza sinia la mwisho!”

“Sawa…” alianza Bwana Sawasawa, kisha akamtazama aliyeketi kando yake, mikono mapajani. “Liwali, kuna pingamizi.”

“Nani?”

“Mimi, Liwali,” alisema Bi Mwanamize. “Umeamkaje?”

Ukuta ukagongwa kwa ngumi kutoka ndani. “Leteni ngazi!”

Askari mmoja alikohoa. “Liwali, atakayekutwa juu ya ukuta ni mwizi. Tumepewa kamba. Hatukupewa ruhusa ya kuuliza jina.”

Kisha, kutoka nyuma ya mawe, ikaja sauti laini, tamu, ile ile iliyowahi kulibeba sinia la mbuzi: “Bi Mwanamize! Karibu tule.”

Watu walishika mbavu. Wazee walishikana wao kwa wao wasianguke. Bi Mwanamize alisubiri mpaka kicheko kikapata pumzi, ndipo akaelekeza mdomo juu na kuitikia kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake:

“Ahsante, Liwali! Tunakuja sote. Tufungulie mlango.”

Pingamizi halijainuka. Huondoka jioni na bibi, lakini mjukuu mmoja hubaki pale, na mwingine humpokea, kisha alfajiri karai linarudi. Kamati huja, huketi, hula, husema si sawasawa bado, huenda. Lango la mpingo limeegemezwa ukutani mahali ambapo hakuna tundu, na watoto hulibishia hodi wakienda chuoni, kisha hukimbia. Hakuna anayesema Liwali ananyimwa. Kikapu hupandishwa kwa kamba kila asubuhi na vitumbua vya moto, hurudi kitupu, na watu wa Kweupe wanajua kwamba mtu anayekula peke yake ana njaa mbili, ya tumbo na ya watu.

Wanaoweza kuona ndani ni wachukuzi wa chumvi peke yao, kwa maana ukuta ulipimwa kwa bega la mtu aliyeketi juu ya ngamia, na mtu huyo macho yake yako juu ya bega lake. Hupita kwa wingi siku hizi, hata wasio na chumvi ya kuuza. Kila mmoja akifika hapo husimamisha mnyama, hutoa salamu, na Liwali, akiwa anatafuna, hulazimika kusema karibu. Mchukuzi mwenye kujinyoosha vizuri huchoma kitumbua kimoja kwa ncha ya fimbo yake, akaenda nacho.

Lakini habari wanazoleta hazifanani. Mmoja anasema Liwali amekonda, amekuwa na shingo. Mwingine anasema amenenepa kwa upweke. Wa tatu, ambaye si mtu wa kusema uongo, anasema amemkuta kwenye kibaraza cha zamani, ameketi kama pingamizi, mkono wa kulia ameshaunawa na bado unadondosha maji, sikio limeelekezwa kwenye mawe, na kila Bi Mwanamize anapomwambia mteja wake wa nje, “Karibu,” mtu yule wa ndani huinuka.